Kengele ya Nzabandora na Mbwa wa Kirambi

Ukungu bado umelala juu ya bonde, na njia ya Kirambi inaonekana vipande vipande tu. Grégoire Nzabandora amesimama kabla ya kona. Mguu mmoja uko chini. Mwingine, uliovaa ndala iliyokatwa kwenye tairi la gari, umebana gurudumu la nyuma la baiskeli. Hiyo ndiyo breki yake. Nyuma ya kiti kuna magunia mawili ya maharage, na mbele kuna mteremko unaoishia kijitoni.

Anapiga kengele mara mbili, kisha anangoja.

Kutoka ndani ya ukungu inasikika miguu myepesi ikikimbia. Mbwa watatu wa rangi ya kahawia wanajitokeza, wanaruka ukingo wa juu wa njia na kukaa kwenye kibaraza kilichochongwa udongoni na kuezekwa kwa nyasi. Wanamtazama. Yule wa katikati, jike mwenye doa jeupe kifuani, anatikisa mkia.

"Jambo, Polepole," Nzabandora anamwambia. "Habari ya hapa?"

Ndipo analegeza ndala na kuanza kushuka, taratibu, magunia yakiyumba. Mbele ya nyumba ya udongo iliyo kando ya njia anashuka kabisa na kuikokota baiskeli. Anatoa kipande cha muhogo mfukoni na kuwarushia mbwa pale juu. Mama wa nyumba hiyo, Adelaïde, anachungulia mlangoni akiwa na ufagio mkononi.

"Bibi yako anaendelea je?" anauliza, maana huku bibi ni mke.

"Anaendelea muzuri, Mama. Anakusalimia."

Hivi ndivyo inavyokuwa kila juma. Mgeni anayepita anaweza kudhani kwamba watu hawa na mbwa hawa wameelewana tangu zamani. Sivyo. Mwaka 1966, miaka miwili tu iliyopita, mahali hapa palikuwa na mawe, fimbo na matusi, na karibu pawe na sumu.

Nzabandora ana miaka arobaini na mmoja, na kazi yake ni kubeba mizigo kwa baiskeli. Anatoka Mushaki, kwenye malisho ya ng'ombe na mashamba ya viazi, anakwenda hadi Mpofi, huko chini ambako msitu wa Walikale unaanza kufunga njia. Anashuka na maharage, viazi na sabuni. Anapanda na mafuta ya mawese, ndizi na samaki wakavu. Mzigo wake ni kilo themanini, na safari njema hupita mia.

"Bantu banasema niko chauffeur ya velo," anacheka, velo ikiwa ndiyo baiskeli yake. "Uongo! Mimi njo punda yake. Kupanda mulima, namusukuma. Kushuka, namushika asikimbie. Kukaa juu yake ni pale njia iko sawa, na njia sawa utaipata wapi huku kwetu?"

Zamani mizigo hiyo ilikwenda kwa malori. Baada ya uhuru barabara ikaachwa bila mtu wa kuitengeneza, na mvua moja kubwa ikalichukua daraja la mbao chini ya Kirambi. Tangu siku hiyo, anayetaka kufika ng'ambo hana ujanja ila kuzunguka kilima kwa njia ya miguu. Njia hiyo ni nyembamba. Upande mmoja kuna ukingo, upande wa pili kuna korongo. Na katikati yake, pale inapopinda, ipo nyumba moja tu, ya Mama Adelaïde.

Mama Adelaïde ni mjane wa Raphaël, mwindaji aliyejulikana sana hadi ndani ya msitu wa Walikale. Raphaël alipofariki, ndugu zake waligawana mikuki na nyavu. Mbwa hakuna aliyewataka, wakabaki na mjane. Yeye hawindi. Lakini shamba lake la maharage na muhogo linapakana na pori, na bila mbwa nguruwe-mwitu hulilima upya kwa pua zao.

"Nikikosa imbwa, nakosa shamba," anasema. "Na nikikosa shamba, bashemeji banakuja kuniambia: Adelaïde, rudi kwa baba yako, hapa hauna kitu. Banangojea ile siku. Njo maana ile imbwa ya kwanza niliipa jina Waseme. Baseme! Mimi nakaa hapa."

Waseme alikuwa mbwa jike, kiongozi wa wenzake. Kama mbwa wote wa Kirambi, alipenda kulala njiani. Mvua ikishanyesha nyasi hubaki na maji hadi mchana, bali njia, iliyokanyagwa na miguu na magurudumu ikawa ngumu kama sakafu, hukauka kwanza na kushika joto la jua. Mbwa walijinyoosha pale. Na baiskeli yenye magunia mawili, ikishaanza kuteremka, haiwezi kusimama kwa sababu mbwa anaota jua.

Wabebaji walianza kulalamika. Mbwa walipigwa mawe, nao wakajifunza kuzichukia baiskeli. Ikawa gurudumu likisikika tu, wanatoka mbio na kulibwekea. Mwaka 1965 kijana mmoja wa Mushaki, Symphorien, aliumwa mguu akiwa kwenye mteremko, akaanguka na madebe mawili ya mafuta. Mfupa wa bega ulivunjika. Alikaa nyumbani miezi mitatu bila kazi, na mkono huo hadi leo hauinuki kupita kichwa.

Alipopona alipita hapo akiwa na wenzake, wote na fimbo. Mama Adelaïde aliwafungulia mbwa. Wakarudi tena na tena, na kila mara ikawa vilevile. Miaka ile watu wa milima hii walikuwa wepesi wa kushika fimbo, na kila mmoja alikuwa na marehemu wake wa kumkumbuka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha sauti.

Msimu wa mvua wa 1966 Symphorien alipata sumu ya panya kutoka kwa mtu wa Sake. Aliwaonyesha wenzake kwenye kilabu cha pombe ya ndizi. Kilichobaki kilikuwa nyama ya kuitia, wapewe mbwa wa Kirambi.

"Na wewe ulisema nini?" mwandishi wa gazeti anamuuliza Nzabandora.

Anafuta mnyororo wa baiskeli kwa kitambaa.

"Sikusema kitu. Mi pia nilikuwa nachoka na hizo imbwa. Na tena ile mwaka moyo yangu haikuwa kwa imbwa. Moyo ilikuwa kwa nyumba."

Miezi minne kabla ya hapo yeye na mkewe Mukankusi walikuwa wamemzika mtoto wao wa mwisho, mvulana, aliyeishi majuma sita tu. Wana mabinti wawili wakubwa, lakini huyu walimngoja muda mrefu. Tangu maziko, Mukankusi alilima, alipika na kufua. Kuzungumza ndiko alikoacha. Hakwenda sokoni, hata misa ya Jumapili hakwenda. Blanketi la mtoto alilikunja na kuliweka juu ya sanduku, na mtu yeyote hakuruhusiwa kuligusa.

Basi siku moja, mvua ikiwa imekatika na jua limechomoza, Nzabandora alifika Kirambi na magunia mawili ya maharage ya Papa Jérôme, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka pale Mushaki. Alipiga kengele kabla ya kona. Alipoingia kona alimwona Waseme amelala katikati ya njia.

"Nilikanyaga gurudumu mpaka ndala ikatoa moshi," anakumbuka. "Velo haikusimama. Nilimuita: Toka! Toka! Alinua kichwa tu."

Gurudumu la mbele lilimpanda mbwa. Baiskeli ikaenda upande, Nzabandora akaangukia ukingo, gunia moja likapasuka na maharage yakamwagika njia nzima, yakabingirika hadi korongoni. Alipoinuka, magoti yakitoka damu, Mama Adelaïde alikuwa anashuka mbio kutoka shambani na jembe begani.

Nzabandora alidhani kwamba jembe hilo linamjia yeye. Hakukimbia. Alisimama, akavua kofia.

Mama hakumtazama. Alilitupa jembe, akakaa chini njiani juu ya maharage na kukipakata kichwa cha mbwa. Akawa anamsemesha kwa Kihunde, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Waseme alipumua, akapumua tena, halafu basi.

"Nilipiga kengele, Mama," Nzabandora alisema.

"Nilisikia. Ulipiga."

"Hakusimama."

"Alizaa juzi," Mama Adelaïde alijibu, bado amekipakata kichwa kile. "Mwanamuke mwenye alizaa juzi anasimama upesi? Wewe hauna bibi?"

Nzabandora anasema kwamba maneno hayo yalimwingia kuliko jembe. Aliinama akaanza kuokota maharage, si kwa ajili ya Papa Jérôme, ila apate mahali pa kuficha uso.

Walimzika Waseme pamoja, nyuma ya nyumba. Ndipo Mama akamwambia, "Kuja." Jikoni, ndani ya kikapu cha zamani, kulikuwa na watoto wanne wa mbwa, macho yamefumba, wakitafuta ziwa ambalo halipo.

"Mbuzi yangu haina maziwa," Mama alisema. "Hapa Kirambi nzima hakuna ng'ombe. Kwenu Mushaki ng'ombe iko mingi. Utabatwaa."

"Mama, mi naenda Mpofi. Hii maharagi ni ya bantu. Bananingojea."

"Basi enda."

Alikaa kwenye kigoda na kuwafunika watoto kwa jani la mgomba, kana kwamba mgeni ameshaondoka.

Hadi Mpofi zilibaki siku mbili. Nzabandora alitoka, akaweka sawa usukani uliopinda, akafunga gunia lililopasuka. Aliielekeza baiskeli chini kwenye mteremko, mikono ikiwa tayari. Akasimama hivyo kwa muda. Kisha akafungua kamba, akayaingiza magunia yote mawili ndani ya nyumba ya mjane na kunyoosha mikono.

"Nipatie kikapu," alisema.

Aliipanda milima kurudi Mushaki akiwa na mzigo mwepesi kuliko yote aliyopata kubeba, na anaapa kwamba hajawahi kuchoka namna ile. Kikapu alikifunga mbele, juu ya usukani, akakifunika kwa koti lake. Mvua ilianza tena. Kila mara alisimama, akaingiza mkono kuwapapasa kama bado ni wa moto. Karibu na malisho ya kwanza ya Mushaki, mdogo kuliko wote alikuwa amepoa. Nzabandora alimfukia chini ya mti kwa mikono, akaendelea.

Mchungaji mmoja, mzee Sebarenzi, alikuwa anakamua. Alipofunua koti na kuona alichobebeshwa mbeba mizigo, alicheka hadi akaweka kibuyu chini. Hata hivyo alimpa maziwa ya moto, na akamwonyesha jinsi ya kuchovya kitambaa na kumnyonyesha mnyama mdogo bila maziwa kumpalia.

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Mukankusi alitazama ndani ya kikapu mara moja tu.

"Hapana," alisema. "Katika hii nyumba, hapana."

Nzabandora alikiweka kikapu barazani, akaeleza yote: kona, kengele, mama aliyezaa juzi. Mkewe alimsikiliza, akageuka na kwenda kupika. Usingizi ulimchukua Nzabandora na kitambaa cha maziwa mkononi.

Asubuhi kikapu kilikuwa kitupu. Aliruka, akidhani paka au kicheche amepita. Jikoni alimkuta Mukankusi amekaa karibu na moto, miguu ameinyoosha. Mapajani, ndani ya lile blanketi la juu ya sanduku, watoto watatu wa mbwa walikuwa wamelala, matumbo yamejaa maziwa.

"Blanketi ilikuwa inakaa bure," Mukankusi alisema. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu maziko, alilia mbele ya mumewe. Naye akakaa pale pale jikoni, karibu naye, hadi jua likawa juu.

Papa Jérôme hakulia. Alikuja kuuliza habari za mzigo wake, akamkuta mbebaji wake akimfuta mbwa pua.

"Nilikutuma na maharagi, unanirudishia imbwa?"

"Maharagi iko salama, Papa. Iko kwa Mama Adelaïde."

"Na bantu ya Mpofi bakule nini leo? Bakule salama?"

Siku hiyo hiyo kazi alipewa Symphorien, na kwa muda wa miezi mitatu Nzabandora hakubeba hata kilo moja ya duka hilo. Alibeba viazi vya majirani na kuni za watu, kwa malipo ya chakula. Mabinti walikula mboga bila mafuta. Anasema hakuna siku ambayo Mukankusi alimlaumu.

Wenzake, hata hivyo, walimcheka sana. Walimwita Baba wa Mbwa. Symphorien alimfuata hadi nyumbani kumweleza kwamba amefanya kazi ya bure, maana mbwa wengine waliobaki Kirambi siku zao zimehesabiwa.

"Ngoja hizi zikomae," Nzabandora alimwomba. "Ngoja tu nimurudishie Mama yule vitu vyake. Kisha utafanya ile moyo yako inataka."

"Juu ya nini ningoje?" Symphorien aliuliza. "Bega ni yangu."

"Bega ni yako. Lakini ile imbwa niliua haikuwa ile ilikuuma. Sasa tunaua mpaka wapi?"

Symphorien aliondoka, lakini alingoja.

Watoto wa mbwa walifumbua macho ndani ya nyumba yenye baiskeli. Walilala chini ya magurudumu yake, walitafuna ndala za mwenyewe, walizoea harufu ya mnyororo. Nzabandora akirudi na maziwa kutoka kwa Sebarenzi alipiga kengele tangu njia kuu, na wale watatu wakatoka mbio, wakijikwaa. Kwao kengele haikuwa kelele ya adui. Ilikuwa chakula.

Hapo ndipo alipopata wazo lake, kwamba mbwa wanaoipenda kengele hawataiuma baiskeli, na hapo hapo ndipo alipokosea.

Walipofikisha miezi mitatu aliwarudisha Kirambi katika kikapu kile kile. Mama Adelaïde alikuwa anapalilia. Aliwatazama watatu wakishuka kikapuni, akamtazama Nzabandora.

"Ulimuzika?"

"Nilimuzika, Mama. Karibu na Mushaki, chini ya muti."

"Basi," Mama alisema, na akamkaribisha ndani kwa mara ya kwanza kama mgeni. Magunia ya maharage yalikuwa bado yapo, yameinuliwa juu ya vijiti yasipate unyevu. Gunia lililopasuka lilikuwa limeshonwa.

Lakini mchana ule baiskeli ya kwanza ilipotokea juu ya mteremko na kupiga kengele, watoto watatu walifurahi, wakatoka mbio moja kwa moja kwenda kulilaki gurudumu. Mwenye baiskeli alijitupa ukingoni. Matusi aliyoyatoa, Nzabandora anakataa kuyarudia mbele ya gazeti.

"Nikajua nimeharibu," anasema. "Zamani zilikuwa zinakuja kuuma. Sasa zinakuja kusalimia. Velo inaanguka vile vile!"

Mama Adelaïde ndiye aliyeona njia. "Usipatie chakula kwa njia," alimwambia. "Patia kule juu."

Nzabandora alikaa Kirambi siku kadhaa. Yeye alikuwa anapanda juu ya kona na baiskeli tupu na kupiga kengele. Mama alisimama juu ya ukingo na ugali mkononi, akiita. Mbwa wakikimbilia baiskeli, hawapati kitu. Wakipanda ukingo na kukaa, wanapata. Alishuka mteremko ule mara nyingi hata ndala ikatoboka. Jike mwenye doa jeupe ndiye aliyeelewa kwanza. Madume wawili wakamfuata. Na mbwa wakubwa waliobaki, wale wakali wa Raphaël, walipoona vijana wanakula ugali kule juu, nao wakaanza kupanda.

Jike yule ndiye Mama aliyempa jina Polepole. Jina hilo limeleta faida ambayo hakuna aliyeipanga. Mama akimwita mbwa wake kwa sauti, "Polepole! Polepole!", wabebaji walioko juu ya kona wanadhani wanaambiwa wao, na wote wanabana magurudumu.

Nzabandora pia alikuwa na lake la kusema. Mbwa wanalala njiani kwa sababu njia ndiyo kavu, basi wapewe mahali pengine pakavu. Alichonga kibaraza kwenye ukingo kwa jembe la Mama, lile lile ambalo siku ile alidhani litamshukia kichwani, akakiezeka kwa nyasi. Mvua ya kwanza ilipokwisha, alikuta mbwa wote wamejipanga humo, wakavu.

Ikabaki Symphorien.

Alipita kwanza akipanda kutoka Mpofi na mafuta, bila kusimama, kisha akarudi juma lililofuata akishuka na viazi. Nzabandora alikuwa ukingoni pamoja na mbwa, maana alikuwa ameombwa na Mama awepo. Symphorien alisimama juu ya kona. Walimwona amesimama muda mrefu, mkono wake mzima ukiwa mfukoni.

Alipiga kengele. Mbwa wakapanda, wakakaa kimya.

Alishuka kidogo kidogo, macho hayatoki kwao. Alipofika mbele yao alisimamisha baiskeli. Mbwa mmoja mkubwa, dume mwenye sikio lililochanika, alikuwa ndiye aliyemuuma. Walitazamana.

"Njo huyu," Symphorien alisema.

"Njo huyu," Mama Adelaïde akakubali. "Iko mubaya, najua. Nilimufungulia mimi. Unisamehe, mutoto yangu."

Hakuna aliyetarajia neno hilo, na Symphorien hakuwa amejiandaa kulipokea. Alitia tena mkono mfukoni, akautoa. Ulikuwa na kipande cha muhogo uliochomwa, chakula chake cha njiani. Alikikata, nusu akaitupa juu ya kibaraza, nusu akala mwenyewe. Kisha akainama akaikokota baiskeli hadi kupita nyumba.

Mwandishi alipomuuliza kuhusu ile sumu, Symphorien alicheka kwa haya. "Niliua nayo panya," alisema. "Si njo kazi yake?"

Tangu hapo kila mbebaji anayepita hutupa kipande cha muhogo au kiazi, na wenyewe hukiita ushuru wa imbwa. Mbele ya nyumba wote hushuka. Mama Adelaïde huwawekea mtungi wa maji ya kunywa. Mwaka jana nguruwe-mwitu walipovamia shamba lake kwa wingi, wabebaji wanne waliokuwa wanalala kwake kwa sababu ya mvua walitoka na mapanga, wakasaidiana na mbwa. Mashemeji walisikia habari hiyo. Siku hizi wanakuja kusalimia, na wanarudi kwao.

Papa Jérôme naye alimrudishia Nzabandora kazi. Anadai kwamba ni kwa sababu wateja wa Mpofi walimuulizia. Lakini watu wa duka lake wanasema kilichomrudisha ni yale maharage, yaliyokaa miezi mitatu kwa mjane masikini na kurudi bila kupungua hata kikombe, ukiondoa yaliyobingirika korongoni.

Huko Mushaki, Mukankusi anapokea wageni mlangoni. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. Amerudi misa, na siku za soko anauza viazi karibu na barabara. Anasema siku watoto wale walipoondoka na kikapu alifua blanketi, akalianika, akampa jirani aliyekuwa na mtoto mchanga.

"Sikuwaona tena tangu ile siku," anasema. "Grégoire ananielezea tu. Ananiambia Polepole iko mukubwa, iko na doa ile ile. Mi nasikiliza."

Sasa Polepole ana mimba. Mama Adelaïde anahesabu kwamba atazaa karibu na Pasaka, na ametuma neno kwa Nzabandora: watoto wakizaliwa, waletewe baiskeli waione mapema, na mmoja atakuwa wa Mukankusi, achague mwenyewe.

Mukankusi hajawahi kufika Kirambi. Tangu walipomzika mtoto hajavuka kilima cha pili kutoka nyumbani. Nzabandora alipomletea ujumbe huo alidhani atamwambia, nenda wewe unichagulie. Mkewe alimenya viazi vyote vilivyokuwa kwenye beseni, halafu akauliza kama ile velo inaweza kumbeba mtu mzima.

Jioni hii, nyuma ya nyumba, Nzabandora ameigeuza baiskeli miguu juu. Ameng'oa mbao ngumu ya nyuma ya kiti, iliyochakazwa na magunia na madebe, na anafunga mpya, pana zaidi, aliyoipiga randa hadi ikawa laini. Juu yake anashona mto wa nguo kuukuu uliojazwa majani makavu ya mgomba. Papa Jérôme ameshaambiwa kwamba juma la Pasaka atafute mbebaji mwingine.

"Ile safari sitabeba maharagi, sitabeba mafuta," anasema, akiujaribu mto kwa kiganja, akiongeza majani upande mmoja. "Nitabeba bibi yangu. Pa kupanda, nitasukuma. Pa kushuka, nitashika. Na pale njia iko sawa, hata kama ni kadogo, tutakaa bote wawili juu, twende."